Vifaranga vya Upande wa Pili

Ukimuuliza mama yake kazi anayofanya, angekujibu bila kupepesa macho: "Mwanangu ni daktari, ila hatibu." Kisha angesubiri ucheke. Usipocheka angeongeza: "Ukiumwa usimwendee, atakutazama kwa darubini tu." Daktari mwenyewe alishazoea. Tangu arudi na shahada yake ya udaktari wa elimu ya nyota, pale nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina. Kaka yake, fundi bomba, alimwita Daktari. Hata jirani aliyekuja kuazima ngazi alibisha hodi akimwita Daktari. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kujiamini tangu utotoni, mwenye shingo ya kutembea wima hata siku alizovaa viatu vya kuazima.

Sasa, kabla hatujafika mbali, lazima nikupe habari za sikio la mama, maana bila hizo tutaachana njiani. Sikio la kushoto liliugua Daktari akiwa bado mdogo. Likauma, likatoa usaha, na daktari wa kweli, yule wa vidonge, akatikisa kichwa na kusema hapo hapana tena kitu. Tangu siku hizo nyumba nzima ikahamia kulia. Ukiwa na neno na mama, kaa kulia kwake. Kwenye kochi refu la sebuleni watu walibanana upande huo mpaka mbao zikalia, na kiti cha kushoto kikabaki cha mkoba wake, mkoba mweusi mpana wenye kifungo cha shaba.

Lakini watoto ni watoto. Haukupita muda wakagundua kwamba sikio lisilosikia nalo lina faida yake. Ukiwa na jambo linalokukaba roho, na huna wa kumwambia, unajisogeza kushoto kwa mama, unajifanya unatafuta kitu mkobani, halafu unalisema polepole. Mama anaendelea na kufuma kwake, wewe unaondoka mwepesi. Wenyewe waliita "kwenda kushoto". Kaka mtu alikwenda kushoto alipovunja kioo cha kabati na kumsingizia paka. Daktari alikwenda kushoto alipofeli hesabu, na ikatokea bahati njema, wiki ileile mama akamkaribisha chai jirani mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akaja na hakuondoka mpaka mtoto akaanza kupata alama zake. Hata mke wa kaka, alipoolewa, alifundishwa mila hiyo kabla hajaonyeshwa jiko.

Haya, turudi kwenye nyota.

Watu hudhani watafiti wa anga hukesha wakikodolea macho mbingu. Wapi. Darubini iko mlimani, mbali, inapiga picha zake yenyewe, na wenye kazi wanakaa mchana kutwa ofisini kama makarani, na migongo inawauma kama ya makarani. Ofisi ya Daktari ilikuwa ghorofa ya pili: pazia nene la kijani la kuzuia jua lisipige kioo cha kompyuta, meza iliyotiwa gazeti chini ya mguu mmoja isiyumbe, na kikombe kisicho na mkono kilichostaafu kunywewa chai kikawa cha kuwekea kalamu. Humo ndani alikuwa akichunga kitu kimoja kinachoitwa Tetea.

Tetea, yaani kuku jike, lilikuwa jina la utani la galaksi moja kubwa. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota zisizo na idadi. Jua letu hili nalo limo ndani ya mkusanyiko mmojawapo. Na galaksi kubwa haikai peke yake. Inazungukwa na galaksi ndogondogo, nyingine hafifu kiasi kwamba kwenye picha unaweza kuzidhani alama za kidole kwenye kioo. Daktari aliziita vifaranga, na jina likaenea jengo zima. Ungetarajia vifaranga vitapakae pande zote za mama yao, huku na huku, ovyo tu, kama punje zilizomwagika. Vya Tetea, sivyo. Picha zilionyesha vimejazana upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa peupe.

Ugunduzi huo ulimpandisha chati. Walimwita redioni, na mtangazaji alipomwomba aeleze kwa lugha ya watu, akasema: "Tetea ni kama mama yangu mzazi. Watoto wote tunakaa kulia kwake, kushoto ni mahali pa mkoba." Nchi nzima ikacheka. Mama naye alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu siku ile hakuna mgeni aliyevuka kizingiti asielezwe habari za kuku wa mbinguni anayefanana naye. Kwa mara ya kwanza ule msemo wa daktari asiyetibu ukapumzishwa.

Kilichobaki ni msimu wa kutumia darubini kubwa. Kituo chao cha utafiti kilikuwa na msimu mmoja wa kugawa, na kamati ingeupa mradi mmoja tu. Ukiupata, umepata. Ukiukosa, mradi wa Tetea unafungwa, ofisi ya pazia la kijani inapewa mwingine, na Daktari anaanza upya kutafuta mahali pa kuegemea. Kila mtu alijua utaenda kwake. Aliyekuwa akimpinga alikuwa mmoja tu.

Huyu alikuwa jamaa mrefu wa chumba cha mkabala, ambaye jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika kwa sababu ya swali lake. Ungemwambia mvua inanyesha, angekuuliza: "Ushahidi uko wapi?" Basi wakamwita Ushahidi, na aliitika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na roho ngumu ya kuamini, na suala la Tetea lilikuwa halijamshuka kooni.

Siku mbili kabla ya kamati, wawili hao walikutana kwenye birika la umeme, pale kwenye kona ya ukumbi.

"Daktari," akasema Ushahidi, "vile vya bandia ulivipanda pande zote?"

Nikufafanulie. Vifaranga ni vingi na hafifu, mtu hawezi kuvitafuta kwa macho, kwa hiyo wana programu inayofanya kazi hiyo. Lakini utajuaje kama programu inaona? Unachora vifaranga vya uongo, unavificha ndani ya picha, halafu unaiambia itafute. Ikivirudisha, ina macho. Isipovirudisha, basi siku ikikwambia "hapa hakuna kitu", usiiamini. Kazi hiyo wanaiita kupanda.

"Pande zote," akajibu Daktari, wala hakugeuka, maana alikuwa anamimina maji.

"Hapo mimi sina neno tena. Neno lako linanitosha. Kesho kutwa mbele ya kamati sitakupinga."

Daktari alirudi chumbani kwake kifua mbele. Kumpata Ushahidi kwa neno moja, tena bila karatasi, si jambo dogo. Akaketi, akanywa funda moja, akaona afadhali aipate picha ya majaribio yale aitie kwenye maonyesho yake, ili na wengine wajionee. Akaifungua. Vifaranga vya bandia vilikuwapo, vimezungushiwa duara nyekundu, vizuri kabisa. Vyote vilikuwa kulia.

Akafungua nyingine. Kulia. Nyingine tena. Kulia.

Akakumbuka ilivyokuwa. Siku zile alitaka kujua vifaranga alivyovipata ni hafifu kiasi gani, kwa hiyo alipanda pale pale vilipo, jirani na vya kweli, avilinganishe. Kushoto atapanda vya nini, na kushoto hakuna kitu? Mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alikuwa ameivuta ngoma hii mpaka ikalia wimbo anaoutaka.

Hakutaka kungoja. Alasiri ileile akapanda vya bandia upande wa kushoto, vingi, vingine vinene vya kuonekana na kipofu, akaiachia programu. Chai ilikuwa imepoa kwenye kikombe jibu liliporudi. Hakuna kitu. Alivichora kwa mkono wake mwenyewe, na programu inamwambia hakuna kitu.

Aliona aibu. Nasema wazi, aliona aibu mpaka uso ukamwaka moto, peke yake chumbani, hakuna hata wa kumtazama.

Chanzo hakikuchukua muda kukipata. Upande wa kushoto wa picha, jirani na Tetea, kulikuwa na nyota moja kali ya hapa kwetu, ya galaksi yetu wenyewe, iliyojiweka tu njiani, na mng'ao wake ulikuwa umetapakaa nusu ya picha. Ili aondoe mng'ao huo, Daktari alikuwa amesafisha upande ule kwa nguvu kuliko wa pili. Akasugua, akasugua, picha ikatakata, naye akajisifu kwa usafi. Kumbe usafi huo ulikuwa umeondoka na kila kilicho hafifu. Ukisugua sufuria kwa mchanga, usishangae maua yake yakitoka.

Akarudi kwenye picha chafu, akaisafisha upya, taratibu, kwa mkono mwepesi. Akapanda tena, safari hii vya bandia vikarudi. Na nyuma yake vikaja ambavyo hakuvipanda yeye. Kimoja, karibu na ukingo wa Tetea. Kingine mbele yake. Halafu vingine. Daktari akasimama, akavuta pazia vizuri, akaviweka vya kushoto na vya kulia kwenye picha moja. Vilikuwa vimejipanga kwenye mstari mmoja mwembamba unaokatiza Tetea katikati, kama nguo kwenye kamba. Maana yake vilikaa kwenye ubapa mmoja, na sisi tunautazama kwa ukingo, kama unavyoitazama sahani ikiwa sawa na macho yako.

Kilikuwa kitu kizuri kuliko cha kwanza. Hilo alilijua palepale, na furaha ilimpanda hata aibu ikasogea kidogo. Lakini kamati haipendi vitu vilivyogunduliwa jana tu. Kamati inapenda jambo lililokwisha kutangazwa, lenye jina na redio nyuma yake. Na shetani wa msomi huja na hoja zilizopangika. Akamwambia: onyesha picha ya zamani, chukua kura, chukua msimu. Halafu, msimu ukiwa mkononi, "ugundue" mstari. Hakuna atakayeumia. Ushahidi ameshanyamaza mwenyewe, na hakuna mwingine wa kuuliza.

Hoja hizo alilala nazo na akaamka nazo.

Asubuhi ya kamati alipitia nyumbani kumchukua mama, maana kikao kilikuwa cha wazi na mama alikuwa ameshaapa kwamba mtu akimsema kuku wake, yeye atakuwapo. Alimkuta tayari, amekaa kwenye kochi, anahangaika na kifungo cha kiatu. Mkoba uko kwenye kiti cha kushoto. Daktari akauangalia ule mkoba. Miaka mingi hakuwa ameuhamisha; mtu mzima mwenye shahada haendi kushoto. Akauinua, akaupakata, akaketi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, akipekuapekua mkobani, "nimekosea. Nilichosema redioni si kweli, na aliyekuwa akinipinga nimemjibu jambo ambalo sikuliangalia. Nikinyamaza leo hakuna atakayejua. Nikisema, huenda nikarudi hapa kukaa na wewe, na watanicheka. Mimi siogopi watu, unanijua. Leo naogopa."

Mama akakikaza kifungo. "Kiatu hiki kinanibana," akasema, akasimama.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Mama alikwenda moja kwa moja mstari wa mbele, akaketi, mkoba akauweka kiti cha kushoto, na aliyetaka kuketi hapo akatazamwa mara moja tu, akaenda kwingine. Mkuu wa kituo, mzee mwenye miwani ya kamba, alikaa na kamati yake mezani. Ushahidi alikuwa kona ya nyuma, amekunja mikono, ametulia kama mtu ambaye siku hiyo hana kazi.

Daktari akaangaza ukutani ile picha ya zamani, vifaranga vyote kulia. Watu wakatabasamu. Walikuwa wanaungojea ule utani wa mkoba.

"Picha hii mnaijua," akasema. "Ni ya uongo."

Tabasamu zikakauka.

"Sikuighushi. Niliisafisha mno upande huu, nikafuta vifaranga, halafu nikaja kuwaambia havipo. Na kipimo ambacho kingenionya nilikifanya upande mmoja tu." Akamtafuta mtu wa kona ya nyuma. "Kaka, juzi pale kwenye birika uliniuliza kama nilipanda pande zote, nikakwambia ndiyo. Nilikujibu kabla ya kuangalia. Wewe ukaniamini. Naomba radhi mbele ya hawa wote."

Mkuu akavua miwani, ikamning'inia kifuani. Kwenye meza ya kamati mtu akaguna. Daktari hakusubiri, alishaingia majini, kilichobaki ni kuogelea. Akaweka picha mpya, ule mstari mwembamba umekatiza Tetea. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Sikuja kuomba msimu wa kuthibitisha upande mmoja," akasema. "Nimekuja kuomba msimu wa kupima mwendo. Kama vifaranga vya huku vinatukaribia na vya huku vinakwenda mbali nasi, basi vinazunguka pamoja, mwelekeo mmoja, na lazima tujiulize nani alivipanga. Kama mwendo wao ni shaghalabaghala, basi mstari huu umetokea tu, na nitasimama hapahapa niwaambie. Swali hili linataka pande mbili. Nikiwa na upande mmoja nisingeweza hata kuliuliza."

Kutoka nyuma, kiti kikakwaruza sakafu.

"Nina swali," akasema Ushahidi. Ukumbi mzima ulilijua. "Safari hii ushahidi uko wapi kwamba umeangalia?"

"Kompyuta hiyo hapo," akajibu Daktari. "Njoo upande mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo mbele ya kamati. Ushahidi akatembea mpaka mbele kwa zile hatua zake ndefu, akainama, akaigeuza kompyuta ili asionekane anachofanya, akapanda vya kwake upande wa kushoto. Akabonyeza. Programu ikaanza kutafuta, na watu mia hivi wakakaa wakitazama kialama kikizunguka ukutani. Mama akafungua mkoba, ule mlio wa kifungo ukasikika mpaka nyuma, akatoa pipi, akaanza kuimenya ganda lake polepole. Lilikuwa ganda la kelele.

Duara nyekundu zikaanza kutokea. Ushahidi akawa anazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

"Kimoja hakikurudi," akasema.

"Umekipaka hafifu kiasi gani?"

Akafikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaonekana kucheka. "Kiasi kwamba hata mimi sikioni. Nilitaka kuona kama utadai kimerudi." Akaigeukia kamati. "Mimi juzi nilisema sina neno. Leo ndiyo kweli sina."

Kamati ilitoka, ikarudi kabla watu hawajamaliza kujinyoosha. Mkuu akavaa miwani. Msimu ni wa Tetea, akasema, kwa masharti: huyu bwana mrefu atapanda vya bandia kila mara, mahali anapotaka yeye, bila kumwambia mtu, na Daktari atarudi redioni kusahihisha kwa kinywa chake kilekile. Daktari akayakubali yote kwa sauti kavu. Akakunja waya wa kompyuta, akaenda kumchukua mama.

Ngazi za jengo lile zina reli upande mmoja tu, upande wa kulia wa mtu anayeshuka. Mama akashika reli, Daktari akamshika mkono wa kushoto pamoja na mkoba. Wakashuka taratibu, kwa sababu ya kile kiatu. Daktari alikuwa anawaza mbele, na mawazo yakamtoka kinywani, chinichini, kama anavyozungumza mtu na nafsi yake.

"Sasa redioni nitaanzia wapi."

"Anzia pale ulipoanzia leo," akasema mama. "Waambie umekosea. Mengine yatafuata."

Walishuka ngazi kadhaa kabla Daktari hajasimama. Akautazama mkono alioushika. Akalitazama sikio la kushoto, dogo, lenye hereni, limegeukia upande wake.

"Mama. Umenisikia?"

"Na asubuhi nilikusikia. Pale mbele ungenyamaza, ningesimama mimi niseme. Maneno nilishayachagua."

"Tangu lini?"

"Lilifunguka lenyewe. Ulikuwa bado mdogo, umefeli ile hesabu yako."

Daktari akakaa kwenye ngazi. Mwalimu jirani na chai yake. Paka ambaye hakuwahi kuchapwa kwa kioo cha kabati. Miaka yote hiyo nyumba nzima imejipanga kulia, na hakuna mtu, hata yeye mwenye kazi ya kupima, aliyewahi kulijaribu lile sikio kuona kama linasikia. Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, nani tena angeniletea ya moyoni?" Mama akauvuta mkoba wake, akauning'iniza begani. "Simama, sakafu ni baridi. Na kaka yako asijue. Naona kuna jambo linamkaba wiki ya pili sasa. Jumapili atakuja kutafuta kitu mkobani."